Mwaka wa Kuondoa Kabati la Diski

Kwenye arobaini ya Mzee Nambunga, kwao Ruangwa, nilikaa mkekani upande wa wanawake, sahani ya pilau mapajani, nikamsikia mpwa wake akishika kipaza sauti na kumsifu marehemu kwa jambo ambalo hakulifanya. "Siku ile radi inapiga Nachingwea," alisema, "wataalamu wa kompyuta wote wamekimbia, mjomba wangu aliingia peke yake, akaichomoa mashine kwa mikono yake, akaokoa majina ya wagonjwa!" Watu wakapiga takbira. Mama mmoja pembeni yangu akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi nilikaribia kusimama. Radi haikuwapo. Mtaalamu wa kompyuta pale alikuwa mmoja tu, naye ni mimi Monika, na sikukimbilia popote. Na Mzee Nambunga, kama kuna kitu alichofanya siku ile tangu asubuhi mpaka jua linapungua ukali, ni kukataa kuchomoa. Alikataa mbele ya mhasibu, mbele ya dereva, mbele ya bosi wa Dar es Salaam kwenye simu, na kazi kubwa kuliko zote, alikataa mbele ya mkono wake mwenyewe. Pilau lilinishinda. Nilikuwa na hasira ya mtu anayeona rafiki yake akivalishwa koti la mtu mwingine. Msibani si mahali pa kubishana na mpwa wa marehemu, lakini ndani ya gari la kurudi nilijiambia: ngoja, nitaandika mwenyewe.

Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyosoma haziingii hapa. Inatosha kusema kwamba nilitoka Singida na cheti kipya cha kompyuta, miaka ya elfu mbili ikiwa inaishia, nikapangiwa Nachingwea kwenye mradi wa afya ambao leo hata kibao chake hakipo. Niliposhuka kwenye basi nilidhani nimetupwa. Ofisi ilikuwa kwenye nyumba ya enzi za mashamba ya karanga, kuta nene, bati lenye kutu, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka inateleza. Chumba cha mashine ndicho pekee chenye kiyoyozi, basi kila mtu alikuwa na sababu ya kuingia. Bwana Hokororo, mhasibu wetu, alikuja kuangalia saa ya ukutani ilhali ana saa mkononi. Bi Mwanahawa, aliyetupikia uani, alificha ndoo ya nyanya nyuma ya mlango zisioze, na siku nilipomwambia pale si mahali pa nyanya alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, ubaridi wote huu wa bure, uwe wa ntu mmoja?" Nikashindwa kesi, nyanya zikabaki. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi kwa mihogo ya kuchemsha, mchana ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga au mbaazi, na msimu wake ulipofika, ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na chumvi ukaimenya kwa vidole. Mara ya kwanza nilitafuna na maganda yake. Hokororo alicheka mpaka akavua miwani. "Jamani, Singida hawamenyi!" Tangu siku hiyo nikawa mtu wao, kwa maana kwamba kila mmoja alikuwa na ruhusa ya kunitania.

Mzee Nambunga ndiye aliyekuwa mkuu wa ofisi. Alikuwa mwana wa wakulima wa ufuta na korosho, mtu mfupi, mpole wa sauti, mkali wa utaratibu. Kompyuta hakuisomea, alikuwa bwana afya wa zamani, aliyezunguka vijijini kwa baiskeli akikagua visima na vyoo. Katika miaka ya tisini, umeme wa mji ulipokuwa ukitoka kwenye jenereta lililokohoa kila jioni, jenereta hilo lilimuunguzia friji ya chanjo na mashine ya fotokopi kwa mpigo mmoja. Fotokopi aliisahau. Friji hakuisahau, kwa sababu chanjo za watoto ziliharibika, akalazimika kwenda Ruponda mwenyewe kuwaambia akina mama waliokwisha kupanga foleni, watoto migongoni, warudi nyumbani. Aliporudi alinunua rangi nyekundu akaandika kwenye ukuta wa kila chumba: UMEME UKICHEZA, CHOMOA. Wala hakuishia kuandika, alifundisha watu kama askari. Taa zikipepesa tu, ofisi nzima inaruka, viti vinaanguka, kila mtu na plagi yake, na wa mwisho anasimangwa mpaka wiki inakwisha. Baada ya miezi michache nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilikwenda likizo nyumbani, taa ikapepesa sebuleni, nikajikuta nimeshika waya wa redio ya kaka yangu na watu wote wananitazama. Nayataja haya ili ieleweke tulikuwa watu wa namna gani. Hatukuwa wazembe. Tulikuwa hodari sana wa kuchomoa, na uhodari huo ndio uliokaribia kutuua.

Somoe nilimpenda tangu siku ya kwanza, na bado nampenda. Alikuwa muuguzi wa kifua kikuu kwa wilaya zote mbili, Nachingwea na Ruangwa, mzaliwa wa Mkotokuyana, mwanamke mwenye pikipiki na ulimi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mgonjwa anameza vidonge vyake kwa miezi yote iliyoamriwa bila kuruka, kwa sababu mtu akiacha katikati ugonjwa unarudi umejifunza, na safari ya pili dawa zile zile zinaweza zisimfae. Masika ya mwaka wa mwisho wa mradi upepo uling'oa bati la chumba cha daftari zake. Mvua ilinyesha ndani mpaka asubuhi, na tulipofungua mlango madaftari yalikuwa uji. Kadi za wagonjwa wenyewe hazikusaidia sana. Nyingine zimelowa, nyingine zimesokotewa tumbaku. Basi Somoe alipanda pikipiki akaanza upya, kijiji kwa kijiji, akiuliza, akihesabu maganda ya vidonge vilivyokwisha mezwa, akisuluhisha ubishi wa mume na mke kuhusu mwezi gani dawa zilianza. Kila aliporudi aliingia chumba changu na vumbi lake, akaandika kwenye kompyuta kwa vidole viwili. Hakukuwa na nakala nyingine popote. Diski ya akiba ilikuwa imekufa, ya pili tuliyoahidiwa ilikuwa inakuja kila wiki, wino wa printa ulikuwa hadithi, na flashi zilipigwa marufuku kwa sababu ya virusi. Watu wa Somoe, kama alivyowaita, walikuwa mle ndani na si kwingine.

Sasa nieleze hilo "mle ndani", maana mpwa wa Mzee hakulieleza. Tulikuwa na seva mbili, na ndani ya seva hizo zilikaa kompyuta kadhaa zisizoshikika, tulizoziita kompyuta pepe: moja ya wagonjwa wa Somoe, moja ya maabara, moja ya stoo ya dawa, na nyinginezo. Zilifanya kazi ndani ya seva, lakini mali zao zote, kila herufi, zilihifadhiwa kwenye chombo kimoja cha pembeni, kabati la diski, kilichofungwa kwa waya kwenye seva zote mbili. Ni kama nyumba mbili zinazotumia stoo moja. Seva moja ikiugua, nyingine inachukua kazi, kwa kuwa vitu viko stoo na funguo inazo. Uzuri huo ndio hatari yake. Ukiondoa stoo ghafla, nyumba haijui; inabaki inagonga mlango usiokuwepo, inagonga, inagonga, mpaka kila kitu ndani yake kinaganda, na kilichokuwa kinaandikwa wakati huo kinabaki nusu. Kwa hiyo kuna utaratibu. Kwanza unahamisha kila kitu. Kisha unahakikisha hakuna kilichobaki. Kisha kila seva, kwa zamu yake, unaiamuru iliachie kabati, nayo ikubali. Waya unakuja mwisho kabisa. Nilipomfundisha Mzee Nambunga aliyarudia maneno hayo kwa sauti: hamisha, hakikisha, achia, chomoa. Halafu akageukia maandishi mekundu ya ukutani. "Kwa hiyo chomoa inakuja mwisho." Nikasema ndiyo, Mzee. "Mwanangu, hapa chomoa imekuja kwanza tangu wewe hujui kusoma." Hakuwa anatania.

Amri ilifika msimu wa korosho umepamba moto, mji mzima unanuka mabibo. Mradi unafungwa. Seva zinaachiwa hospitali, zitawekewa diski zao ndogo, lakini kabati ni mali ya wafadhili, lirudishwe Dar, lori litapita kulichukua kabla mvua hazijaikata barabara. Jioni ile nilikuwa chumbani kwangu nikifunga kazi, na kupitia tundu la bomba la kiyoyozi nilisikia mazungumzo ya chumba cha pili. "Wakiondoka na kabati na watu wangu wamo ndani," sauti ya Somoe ilisema, "mie narudi vipi kuwauliza tena? Kilimarondo nilipita tembo wako mashambani. Mara ya kwanza walinionea huruma. Mara ya pili watanifukuza, na haki yao." Mzee akajibu kwamba hawatakuwamo ndani. "Unaapa?" "Siapi, mwanangu. Nitakaa." Sikuelewa atakaa wapi.

Nilielewa siku yenyewe. Nilifika mapema nikakuta amebeba kiti chake cha mbao kutoka ofisini kwake, amekiweka mbele ya betri kubwa ya akiba ambamo kabati lilichomekwa, mgongo wake ukiziba soketi yote. Kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, kama mtu aliyealikwa. Hokororo akauliza kama leo bosi anafanya kazi ya mlinzi. "Nafanya," Mzee alisema. "Mnanijua. Nikisimama, taa ikapepesa, nitachomoa. Huu mkono haunisikilizi tena, nimeufundisha mwenyewe. Sasa nimeukalia." Watu wakacheka, naye hakucheka. Nikazima kompyuta pepe moja baada ya nyingine, nikaanza kunakili mali zao kutoka kwenye kabati kwenda kwenye diski za seva. Programu inayohamisha yenyewe ilikuwa ya kulipia, nasi hatukulipiwa, kwa hiyo nilizihamisha kwa mkono, folda kwa folda. Mstari wa kijani kwenye skrini ulisogea kama mtu anayekwenda shule bila kutaka. Nakumbuka bado sauti ya feni za seva, na harufu ya nyanya za Bi Mwanahawa, na Somoe aliyesimama nyuma yangu akipumua shingoni mwangu mpaka nikamwambia, "Shoga, kaa chini, unanitia jasho kwenye baridi."

Lori lilifika na dereva wake, kijana wa Dar aliyeitwa Chidi, miwani ya jua juu ya paji la uso. Akachungulia. "Oya, mzigo wenyewe ndo huu? Si kijisanduku tu! Dakika sifuri, twende zetu." Nikamwambia asubiri. "Sista, barabara ile mvua ikidondoka tunalala njiani, na mie nina korosho za watu za kupakia." Mzee akamwelekeza kwenye baraza akale kwanza, na Bi Mwanahawa akamziba mdomo kwa sahani ya ugali iliyojaa. Chakula chetu kililetwa ndani. Mzee alikula pale pale kitini, sahani gotini. Adhuhuri ilipoadhiniwa, Somoe alikalia kiti, Mzee akatandika mkeka hatua moja mbele yake akaswali, kisha wakabadilishana. Mimi Mkristo wa Singida nilisimamisha hata kuandika. Nimekaa kwenye vikao vingi tangu wakati ule, vyenye maji ya chupa na maneno makubwa kuhusu usalama wa taarifa, na kila mara namkumbuka Somoe kwenye kile kiti, miguu haifiki chini, anaitazama plagi kama anayemlinda mtoto mgonjwa.

Basi umeme ukacheza. Taa zilipepesa mara moja, zikapepesa tena, na kabla sijageuza shingo nilisikia ofisi inaruka. Viti chini. Redio kimya. Milango inapigwa. Hokororo ndiye aliyekuwa na mbio kuliko wote. Aliingia chumbani kwetu mwili umeinama, mkono umetangulia, akaja kujigonga kwenye magoti ya Mzee Nambunga.

"Mzee, umeme!"

"Nauona."

"Chomoa!"

"Sichomoi."

"Litaungua, Mzee! Wewe mwenyewe umeandika!" Akaonyesha ukuta, na kweli, maandishi mekundu yalikuwa juu ya kichwa cha Mzee. Betri ya akiba ilikuwa inalia, pii, pii, ikifanya kazi yake, inalilisha kabati umeme safi bila shida yoyote. Hatari pekee chumbani ilikuwa mikono yetu. Nilimwona Mzee jasho linamtoka kwenye ubaridi ule. Mkono wake wa kulia ulikwenda nyuma, nilikiona kiwiko kikipinda, nami nikashindwa hata kupiga kelele. Halafu akaurudisha. Akaingiza viganja vyote viwili chini ya mapaja yake akavikalia, kama mtoto aliyekatazwa kushika chakula, akafumba macho. Hokororo alibaki amepiga magoti mbele yake, anahema. Taa zikatulia. Pii, pii ikakoma. "Rangi ile nitaifuta mwenyewe," Mzee akasema, macho bado yamefumbwa.

Kunakili kulikwisha alasiri. Niliziwasha kompyuta pepe kutoka makao yao mapya, na Somoe akaingia kwenye ya kwake, akaandika jina moja, likaja. La pili, likaja. Akaita majina ya Ruangwa, akaita ya Ruponda, akaita ya Kilimarondo, yote yakaja. Alipiga kigelegele ambacho Bi Mwanahawa aliitikia kutoka uani bila kujua sababu. Hokororo akaniletea soda. Mzee akasimama, magoti yakalia, akajinyoosha. Nikaiamuru seva ya kwanza iachie kabati, ikaachia. Nikaiamuru ya pili, ikakataa. Skrini iliandika kwamba kabati bado linatumika. Nikajaribu tena, jibu lile lile. Hapo ndipo simu ya Dar ilipoingia, mratibu wa mradi mwenyewe, na Hokororo akaiweka kwenye spika. "Monika, majina mmeyaona?" Tumeyaona, mama. "Kila kitu kinawaka?" Kinawaka. "Basi hiyo ni programu inang'ang'ania bure, zinafanyaga hivyo. Chomoa, dereva aondoke." Chidi hakungoja zaidi. Alikuwa amekwisha ingia na kamba yake begani, akainama, akashika waya.

"Usiguse!"

Sikujua nina sauti ile. Huko uani mfuniko wa sufuria ulianguka. Chidi aliachia waya kama umemng'ata. "Dah, sista, noma!" Wote wakanitazama, na kusema kweli niliogopa, kwa sababu sikuwa na hoja. Majina tulikuwa tumeyaona kwa macho yetu. Mzee Nambunga akaniuliza taratibu, "Fundi, unajua kuna nini?" Nikasema, "Sijui, Mzee. Ndiyo maana sitaki tuchomoe. Seva inasema kuna kitu chake mle ndani, na mimi sijui ni kitu gani." Nilidhani atanikatisha. Alirudi kitini, akakaa, akanyoosha mkono apewe simu. "Mratibu, Nambunga hapa. Kabati litaondoka likishaachiwa. Hapana, mama, sijakataa amri, nimeichelewesha. Ndiyo. Kama ni kumwandikia mtu barua, andika jina langu, la binti liache." Akampa Hokororo simu. "Haya, fundi. Tafuta."

Nikatafuta. Nilifungua mipangilio ya kila kompyuta pepe, mstari kwa mstari, kwa sauti, ili hofu isinirukishe kitu. Ya maabara, safi. Ya stoo ya dawa, safi. Nilipofika ya Somoe nilikuta ina diski mbili. Ya kwanza niliihamisha, iko nyumbani. Ya pili ilikuwa inaelekeza bado kule kule kwenye kabati, ndani ya folda iliyoitwa herufi na tarakimu zisizo na maana, ambayo nilipoiona asubuhi niliidhania takataka za mfumo. Ikanijia. Wakati wa Ramadhani Somoe alilalamika nafasi imejaa, tukaripoti Dar, siku ya pili nafasi ikawepo. Waliiongeza wenyewe kwa mbali, kimya kimya, hawakutuambia walipoiweka. Kila jina lililoandikwa tangu Ramadhani lilikuwa mle. Na tuliyaona kwenye skrini kwa sababu kompyuta yake, hata baada ya kuhamia, ilikuwa inanyoosha mkono na kuyasoma kutoka kabatini. Chidi angevuta ule waya, yangeondoka na kabati kwenda Dar, na pale Dar wangefuta diski siku ya kulipokea. Niliwaeleza. Somoe alikaa sakafuni. "Kilimarondo yote," alisema. "Niliwaandika baada ya Idi." Hokororo alitoka nje akaenda kusimama na Chidi.

Yaliyobaki yalikuwa kazi tu. Nilizima tena, nikaihamisha ile diski ya pili, nikaibadilishia anwani, nikawasha. Chidi alilala chini ya lori lake akinung'unika kuhusu mvua. Mzee hakutoka kitini. Safari hii nilipoiamuru seva ya pili, ilitii. Nikazikatisha seva zote mbili zisilitambue kabisa kabati, na kabla ya kugusa waya wowote nikamwambia Somoe aanze upya, aite majina, aanze na ya baada ya Idi. Akayaita. Yalikuja yakitoka nyumbani. Mzee akauliza, "Fundi, sasa?" Nikasema, "Sasa, Mzee." Akainuka, akageuka, akachomoa. Hicho ndicho anachokisimulia mpwa wake, na ndicho kilikuwa chepesi kuliko vyote. Mimi nilijifunza kazi yangu mwaka ule, si chuoni. Nimeondoa makabati makubwa zaidi tangu hapo, vijana wananiita Mama Bado, kwa kuwa ndilo neno ninalolisema zaidi, nami sioni aibu. Mashine ikikuambia kuna kitu bado, ni kweli kuna kitu, na pengine kitu hicho kina jina na watoto.

Usiku mvua ilishuka ya kutosha. Asubuhi Somoe alikuwa kwenye skrini kabla yetu sote, akipitia majina ya baada ya Idi, akasimama kwenye moja. Asumini, mama wa Kilimarondo, alikuwa amebakiza dawa za mwezi wa mwisho, na siku ya kuzifuata ilikuwa imepita bila yeye kuonekana. Mzee alimsihi angoje barabara ikauke. Somoe alikuwa anafunga kofia ya pikipiki. "Mzee, jana umekaa wewe. Leo acha niende mie." Siku ile hakuna aliyefanya kazi ya maana. Bi Mwanahawa alipika, chakula kikarudi. Mzee alisimama barazani, akaingia, akasimama tena, na mimi niliitazama njia mpaka macho yakauma, nikiomba Mungu, nasema wazi, asitufanye tumeokoa jina la marehemu.

Alirudi jua limeinama, tope mpaka kiunoni, pikipiki imepinda kioo. Tulimzunguka. Mzee alimpa maji kwa mkono wake mwenyewe, na Somoe aliyanywa yote kwanza, sisi tumesimama.

"Nimemkuta amelala," alisema. "Aliacha vidonge. Aliambiwa gulioni kwamba mradi umekufa, lori linakuja kubeba mashine na wagonjwa wote wamefutwa, akaona aende kufuata nini. Nikamwambia mbona mie nimekuja na jina lako?" Akamrudishia Mzee kikombe. "Amemeza mbele yangu."